Bakuli la Maji: Kwenye Gemu Raha, Mtaani Balaa

Wanaocheza Dungeons & Dragons wanaijua hii. Adui kajificha, hajulikani alipo. Mchawi wa timu anachukua chombo kilichojaa maji matakatifu, anafanya tambiko la dakika 10, halafu kete zinarushwa. Akiwa na unywele au ukucha wa huyo adui ndiyo kabisa, nafasi ya jamaa kuchomoka inakuwa ndogo sana.

Gemu lenyewe lilitoka Marekani mwaka 1974, kwa hiyo wengi wanadhani bakuli nalo lilibuniwa huko. Wapi! Bakuli ni la kitambo.

Zaidi ya miaka 3,600 iliyopita, waaguzi wa Babeli walikuwa wanadondosha mafuta kwenye chombo cha maji na kuangalia yanavyotawanyika. Si kubahatisha tu, walikuwa na kanuni zilizoandikwa kwenye vibao vya udongo: mgonjwa atapona au la, jeshi litarudi au ndiyo basi. Hata wachumba hawakuachwa. Tone moja la mwanamume, tone moja la mwanamke, kisha watu wanasubiri kuona kama yatakutana.

Halafu kuna kile kisa cha Misri kilichomo kwenye kitabu cha Mwanzo. Mkubwa mmoja wa serikali, ambaye zamani aliuzwa na ndugu zake mwenyewe, alikuwa na kikombe cha fedha kilichosemwa kuwa ni cha kunywea na kupigia ramli. Siku ndugu hao walipokuja kununua nafaka, kikombe kikafichwa makusudi kwenye gunia la mdogo wao. Msako ukafanyika, kikakutwa. Dogo hakuiba chochote, lakini tayari keshaitwa mwizi.

Hapo ndipo utamu wa hadithi unapoisha. Chombo cha ramli na kumsingizia mtu vimetembea pamoja tangu enzi hizo.

Na macho nayo yanadanganya. Mwaka 2010 mwanasaikolojia mmoja wa Italia alichapisha jaribio lake: watu 50 walikaa kwenye mwanga hafifu wakajitazama kwenye kioo kwa dakika 10. Theluthi mbili waliona nyuso zao zikiharibika vibaya. Wengine waliona mtu wasiyemjua, mnyama, hata zimwi. Hakuna aliyerogwa. Ubongo ukikosa picha kamili, unajijazia wenyewe.

Sasa mchukue mtu aliyeibiwa, ana hasira, na jirani fulani hampendi tangu zamani. Mkalishe kwenye chumba chenye giza, mbele ya beseni la maji, umwambie mwizi wake atatokea humo. Ataona sura ya nani?

Tanzania ina jina la mambo haya: ramli chonganishi. Ramli ya namna hiyo imewaletea vikongwe mapanga kwa sababu tu ya kuwa na macho mekundu, na Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino.

Kwenye gemu, kila mtu mezani anajua ni mchezo, na anayetafutwa naye ana kete yake ya kujitetea. Bibi anayetajwa na beseni hana kete. Anasikia tu hodi usiku.