Wepesi wa mtoto katika gemu si kipimo cha kuwa au kutokuwa na ADHD

Wazazi wengi hulalamika kuwa mtoto hawezi kumaliza hesabu tano za kazi ya nyumbani, lakini akikaa mbele ya gemu hatikisiki kwa saa tatu. Wapo wanaohitimisha kuwa mtoto huyo ni mkaidi, na wapo wanaosema kuwa mwenye mkono mwepesi kiasi hicho hawezi kuwa na tatizo la umakini. Mahitimisho yote mawili hayana msingi wa kitaalamu.

Tatizo la upungufu wa umakini na utundu uliopitiliza, linalofahamika kwa kifupi kama ADHD, hutokana na namna ubongo unavyokua. Shirika la Afya Duniani (WHO) limelitambua katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake kwa kawaida huanza kabla ya umri wa miaka 12, tena katika mazingira zaidi ya moja.

Kuhusu kasi ya mwitikio, yaani muda unaopita kati ya kuona ishara na kuijibu, jambo kuu ni kuyumba kwa kasi hiyo. Mtoto mwenye ADHD aweza kubonyeza mara kumi kwa wepesi sawa na wenzake, kisha mara ya kumi na moja akachelewa bila sababu inayoonekana. Mapitio ya tafiti 319 yaliyochapishwa mwaka 2013 yalibainisha hali hiyo, na yakaonesha kuwa kuyumba huko kukiingizwa katika hesabu, dai kwamba watoto hao ni wazito kwa ujumla hupoteza nguvu. Wengine hukosea kwa pupa: hubonyeza kabla ya wakati.

Kwa nini basi gemu huficha kasoro hiyo? Gemu humlipa mchezaji papo hapo kwa alama, sauti na hatua mpya, ilhali malipo ya darasani husubiri matokeo ya mwisho wa muhula. Watafiti wa Ufaransa waliripoti mwaka 2014 kuwa watoto wenye ADHD walicheza gemu kwa kiwango kinachokaribiana na cha wenzao, lakini wakaachwa nyuma katika jaribio la kompyuta lenye kuchosha la kupima umakini. Hata hivyo, umahiri si kidole chepesi pekee. Michezo mingi hudai kusubiri, kupanga na kumsoma mpinzani, na hapo ndipo pupa humgharimu mchezaji. Wanaoiita ADHD kipaji cha gemu wanakwenda mbali kuliko ushahidi.

Gemu zimeingia pia katika tiba. Juni 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha EndeavorRx kwa watoto wa miaka 8 hadi 12, baada ya jaribio la watoto 348. Alama za kipimo cha umakini zilipanda, ingawa tathmini za wazazi hazikuonesha tofauti ya maana kati ya makundi mawili yaliyolinganishwa. Dawa za kusisimua ubongo nazo hupunguza kuyumba kwa mwitikio, na ndiyo sababu baadhi ya wachezaji wa mashindano wasio wagonjwa wamezitumia vibaya. Mwaka 2015 waandaaji wa mashindano wa ESL walianza kupima wachezaji. Dawa hizo hutolewa kwa cheti cha daktari tu.

Mzazi mwenye shaka anashauriwa kumpeleka mtoto katika kituo cha kutolea huduma za afya, akiwa na maelezo ya mwalimu kuhusu mwenendo wake darasani. Macho na masikio yachunguzwe kwanza, kwani mtoto asiyeona ubao vizuri naye huonekana hana umakini. Saa za kucheza gemu zitajwe bila kuficha, hasa za usiku, kwa kuwa usingizi mfupi peke yake huzorotesha kasi ya mwitikio hata kwa mtoto asiye na ADHD.