Mtangazaji akimtukana mwanamke, chama hujibu nini? Kisa cha Rush Limbaugh na Sandra Fluke

Juma lililopita tulikuwa barazani tukinywa kahawa, na mwenzetu mmoja akafungulia kipindi cha siasa katika simu yake. Mchambuzi aliulizwa kuhusu mwanamke mmoja anayetaka udiwani. Swali lilikuwa kuhusu bajeti ya wadi. Yeye alijibu kuhusu ndoa za yule mama, ngapi zimevunjika na kwa nini. Baraza ikacheka. Nami, sitaficha, nilitabasamu.

Niliporudi nyumbani nilimkumbuka binti wa ndugu yangu. Katika mchujo wa mwaka 2022 alijaribu kutafuta tiketi ya chama. Asubuhi moja mchambuzi wa redio, anayejulikana kuwa mpiga debe wa chama hichohicho, alisema maneno juu yake ambayo siwezi kuyaandika hapa. Chama hakikusema kitu. Baada ya siku chache binti akajitoa. Sitaji redio wala chama, maana shabaha yangu leo si kulipiza kisasi. Nataka kueleza jinsi mambo haya yanavyokwenda: msemaji anatukana, watu wanalalamika, kisha macho yote yanageukia chama.

Nimechagua kisa cha Marekani cha mwaka 2012. Kila mhusika alisema neno lake hadharani, na tarehe zinajulikana, kwa hiyo tunaweza kukifuata hatua kwa hatua bila uvumi.

Chanzo chake

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria mpya ya afya, ile inayojulikana kwa jina la utani Obamacare. Kanuni zilizotokana nayo zilitaka bima za wafanyakazi na wanafunzi zigharamie dawa za kupanga uzazi bila mtu kuongeza pesa. Nyumba za ibada zilisamehewa, lakini vyuo vikuu na hospitali za madhehebu hazikusamehewa. Maaskofu wa Kikatoliki wakapinga. Februari 10, 2012 Rais Barack Obama alilegeza kidogo: taasisi ya dini isilipie, kampuni ya bima ndiyo ilipe. Mzozo haukuisha.

Februari 16 kamati moja ya Bunge la Wawakilishi, chini ya mwenyekiti Darrell Issa wa chama cha Republican, iliitisha kikao kuhusu uhuru wa dini na kanuni hiyo. Wabunge wa Democratic walitaka Sandra Fluke asikilizwe. Huyu alikuwa mwanafunzi wa sheria mwenye miaka 30 katika chuo kikuu cha Georgetown, chuo cha Kikatoliki kilichoko Washington. Mwenyekiti alimkataa. Kundi la kwanza la mashahidi walioketi mbele ya kamati lilikuwa la wanaume watupu, na mbunge Carolyn Maloney akauliza wanawake wako wapi.

Februari 23 Fluke alipewa nafasi mbele ya wabunge wa Democratic peke yao. Alieleza kwamba dawa hizo zinaweza kumgharimu mwanafunzi hadi dola 3,000 katika muda wake wote wa kusoma sheria. Alimtaja rafiki yake mwenye ugonjwa wa uvimbe katika mifuko ya mayai ambaye alihitaji dawa hizo kama tiba, si kwa uzazi. Alizikosa, na mwisho akafanyiwa upasuaji na kutolewa mfuko mmoja.

Naomba tuelewane hapa. Najua wapo wasomaji wangu wengi ambao katika mjadala huo wangesimama na taasisi za dini. Hilo ni haki yao. Mtu angeweza kumjibu Fluke kwa hoja, na wako waliomjibu hivyo kwa adabu. Kisa chetu kinaanzia pale hoja ilipoachwa na mtu akashikwa mwilini.

Maneno yenyewe

Rush Limbaugh alikuwa mtangazaji mkubwa kuliko wote wa siasa za mrengo wa kulia Marekani. Kipindi chake kilienea nchi nzima tangu 1988 na kilisikika kupitia mamia ya vituo. Februari 29 alimwita Fluke malaya na kahaba hewani. Kwa mantiki yake, mwanamke anayetaka bima ilipie dawa hizo anataka kulipwa ili afanye mapenzi. Kesho yake akaongeza: ikiwa sisi ndio tunaolipa, basi na atoe video za mambo yake mtandaoni ili tuzitazame. Siku ya tatu bado alikuwa anaendelea.

Mbali na matusi, hata hesabu yake haikuwa sahihi. Kidonge cha kupanga uzazi humezwa kila siku, uwe na mume nyumbani au amesafiri. Wingi wa vidonge hauhusiani na wingi wa mapenzi. Tena bima ile ililipiwa na wanafunzi wenyewe, si kodi ya wananchi. Lakini tusi likishatoka, nani ana habari na hesabu? Msikilizaji hubaki na tusi.

Chama kilisema nini

Huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na wagombea wa Republican walikuwa bado wanachuana wao kwa wao. Kila mmoja aliulizwa.

Mitt Romney, aliyekuwa akiongoza, alijibu kwamba hayo si maneno ambayo yeye angeyatumia, kisha akasema anashughulikia masuala muhimu ya nchi. Rick Santorum alisema Limbaugh anafanya upuuzi, lakini mtumbuizaji ana ruhusa ya kufanya upuuzi. Spika John Boehner, kupitia msemaji wake, alisema maneno hayo hayafai, na papo hapo akawalaumu Democratic kwa kuyatumia kuchangisha pesa. Ron Paul alisema kwamba Limbaugh aliomba radhi kwa sababu watangaza biashara walikuwa wanamkimbia.

Wapo waliosema wazi. Seneta Scott Brown wa Massachusetts alilaani maneno yale na kumtaka Limbaugh aombe radhi. Seneta John McCain alisema hayakubaliki kabisa. Lakini waliokuwa wakitafuta kura za mchujo walipima kila neno kama mtu anayepima dhahabu.

Tazameni majibu hayo yalivyo. Aliyesema "si maneno ambayo ningetumia" anamlaumu mwenziwe kwa kuchagua neno baya, na tuhuma yenyewe anaiacha ilipo. Aliyesema "ni mtumbuizaji" anakusudia kwamba chama hakiwajibiki. Aliyesema "hata nyinyi mnafaidika" anahamisha mazungumzo. Majibu haya matatu nimeyasikia pia Mombasa, Malindi na Lamu, kwa Kiswahili safi.

Kwa nini waliogopa

Limbaugh hakuwa mwanachama wa kawaida. Chama kiliposhinda Bunge mwaka 1994, wabunge wapya wa Republican walimpa heshima ya kuwa mwenzao, kwa kutambua mchango wa redio yake. Mwaka 2009 mwenyekiti wa chama kitaifa, Michael Steele, alithubutu kumwita mtumbuizaji na kusema kipindi chake kina ubaya na uchochezi. Haikuchukua siku nyingi Steele akamwomba radhi. Mwenyekiti wa chama anamwomba radhi mtangazaji! Baada ya hapo, ni mgombea gani angethubutu?

Chama kilichomlea msemaji kwa faida ya kura huona tabu kumkanya. Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Yaliyomrudisha nyuma

Machi 2 Rais Obama alimpigia simu Fluke kumpa pole. Rais wa chuo cha Georgetown, John DeGioia, alimtetea mwanafunzi wake ingawa chuo hakikukubaliana naye katika suala la bima. Huo ni mfano mzuri: unaweza kumpinga mtu na bado ukamlinda heshima yake.

Watangaza biashara nao wakaanza kuondoka. Kampuni ya magodoro ya Sleep Train ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Machi 3 Limbaugh aliandika kuomba radhi: alikiri kwamba hakuchagua maneno vizuri, na kwamba alikusudia mzaha. Carbonite, kampuni ya kuhifadhi data, ilijitoa hata baada ya radhi hiyo, na mkuu wake alisema ni baba mwenye mabinti wawili wa umri unaokaribia wa Fluke. Kampuni nyingine nyingi zikafuata, na vituo viwili vya redio, kimoja Massachusetts na kingine Hawaii, vikaacha kukirusha kipindi.

Tusijidanganye kwamba Limbaugh alimalizika. Aliendelea hewani hadi karibu na kifo chake Februari 2021, na mwaka mmoja kabla ya hapo Rais Donald Trump alimvisha nishani ya juu kabisa ya raia. Fluke naye alihutubia mkutano mkuu wa Democratic Septemba 2012. Novemba mwaka huo, kwa mujibu wa kura za maoni zilizochukuliwa vituoni, Obama alipata asilimia 55 ya kura za wanawake na Romney 44. Sisemi kwamba tusi moja lilifanya hayo yote, kwa kuwa pengo hilo lina historia ndefu. Lakini halikumsaidia Romney.

Upande wa pili nao

Nyani haoni kundule. Mei 2011 Ed Schultz, mtangazaji wa mrengo wa kushoto, alimtukana mtangazaji mwenziwe Laura Ingraham kwa neno lilelile la umalaya. Kituo chake, MSNBC, kilimsimamisha wiki moja bila mshahara, naye akaomba radhi hewani. Mchekeshaji Bill Maher alimtukana Sarah Palin kwa maneno machafu, kisha mwaka 2012 akatoa dola milioni moja kwa kamati iliyomuunga mkono Obama. Republican wakataka pesa zirudishwe. Hazikurudishwa.

Basi pande zote mbili zilikuwa na wasemaji wao na udhaifu wao. Heshima ya mwanamke ikihesabiwa pale tu anapokuwa wa chama chetu, hiyo si heshima, ni silaha ya kampeni.

Na sisi je?

Pwani yetu imeona wanawake wakishika nafasi kubwa. Naomi Shaban aliiwakilisha Taveta bungeni kuanzia 2002 hadi 2022. Mwaka 2022 Kwale ilimchagua Fatuma Achani, mwanamke wa kwanza kuwa gavana Pwani. Lakini njia ya kufika huko bado ina miiba ambayo mwanamume haikanyagi. Mgombea mwanamume huulizwa atajenga nini. Mwanamke huulizwa ameolewa na nani.

Sheria tunayo. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinatupa uhuru wa kusema, na papo hapo kinamtaka anayeutumia aheshimu haki na sifa za wengine. Kifungu cha 91 kinavitaka vyama vya siasa viheshimu haki za binadamu na usawa wa kijinsia. Baraza la Vyombo vya Habari lina tume ya kupokea malalamiko juu ya vyombo na wanahabari. Mwananchi wa kawaida anaweza kulalamika, na si lazima awe na jina kubwa.

Kwa maoni yangu, mchambuzi anayekipigia debe chama akimtukana mwanamke, tukiulize chama maswali matatu. Je, mmemtaja aliyetukanwa kwa jina lake na kumpa pole, au mmezungumzia "lugha" tu? Je, mtamwalika tena msemaji huyo jukwaani kwenu kabla hajaomba radhi? Je, mngesema hivyohivyo kama aliyetukanwa angekuwa wa chama pinzani? Chama kisichoweza kujibu la kwanza hakina haja ya kuulizwa la pili.

Na kituo cha redio tukiulize moja: mchambuzi aliulizwa kuhusu bajeti, mbona mwendesha kipindi hakumrudisha kwenye swali? Anayeshika kipaza sauti ana kazi hiyo pia.

Baada ya ile jioni ya barazani nilimpigia simu binti yetu. Nilimuuliza kilichomfanya ajitoe ni nini hasa. Akaniambia, "Ami, yule wa redioni simjui wala hanijui. Lakini mwenyekiti wa chama amekula nyumbani kwetu. Nilimngoja aseme neno moja tu."

Halafu akaniuliza kama mimi nililisikia tusi lile siku ile. Nililisikia. Nilikuwa barazani, na sikusema kitu. Nimemwomba radhi, naye amenipokea. Juma lijalo tukikaa kahawani, kikifunguliwa kipindi kile na mtu akaanza tena, mimi nitauliza kwa sauti: swali lilikuwa la bajeti, jibu liko wapi?