Pujini: Ngome ya Mkama Ndume na Hofu Zetu

Bibi yangu si mtu wa kukataza mambo mengi. Lakini jambo moja alinikataza tangu nikiwa mdogo, tena kwa ukali: nisipite kwenye magofu ya Pujini magharibi ikishaingia, wala nisilitaje jina la mwenye ngome nikiwa ndani ya ngome yake. "Mjukuu wangu," alikuwa akinambia, "kuna waliokufa wakaondoka, na kuna waliokufa wakabaki. Yule bwana kabaki."

Nilipomaliza Kidato cha Nne, nikawa nimekaa nyumbani nasubiri matokeo, nikapata wasaa wa kutosha wa kukosa utii. Asubuhi moja mie na rafiki yangu tukachukua baiskeli mbili za kuazima, tukatoka Chake Chake na kushika njia ya kusini mashariki, mwendo wa kilomita kama 10, kupita mikarafuu, minazi na mabonde ya mpunga. Tuliwaambia watu tunakwenda kumtazama mgonjwa.

Ndugu msomaji, ukitarajia kuona jumba la kutisha kama lile la kwenye sinema, utavunjika moyo. Pujini ni kimya na majani. Kuna boma kubwa la udongo na mawe lililozunguka uwanja, nje yake kuna alama za handaki, na juu yake miti imeota inavyotaka. Kuta za mawe ya matumbawe zimebaki vipande vipande. Lakini ukisimama juu ya lile boma ndipo unapoelewa kwamba aliyeijenga ngome hii alikuwa na watu wengi wa kuwaamrisha, na tena alikuwa na jambo la kuogopa.

Rafiki yangu alisimama hatua chache kutoka kwenye kisima akagoma kusogea. Nami nikajifanya simba. Mara tukasikia sauti nyuma yetu: "Mmebisha hodi nyie?" Sitaficha, roho ilikaribia kunitoka. Kumbe alikuwa mzee mmoja na panga lake, anakata majani ya mbuzi. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akarudia suali lake. Tukasema hatukubisha. "Basi bisheni," akasema, "hodi haina gharama." Tukabisha hodi, vijana wawili wenye vyeti, mbele ya magugu matupu.

Yule mzee ndiye aliyetusimulia. Mwenye ngome aliitwa Mkama Ndume, na wazee wanasema jina lake la haki lilikuwa Mohamed bin Abdulrahman. Kukama ni kukamua maziwa. Sasa nani awezaye kumkama ndume? Jina lenyewe ni hukumu ya raia wake. Huyu alikuwa mtu wa kudai kisichokuwepo na kukipata kwa nguvu, awakamue watu hata pale wasipokuwa na tone. Inasimuliwa kwamba wakati wa kujenga ngome aliwalazimisha watu wabebe mawe kichwani huku wakijiburura kwa matako, asitake mtu asimame mbele yake. Na kile kisima nacho kina kisa chake. Mkama Ndume alikuwa na wake wawili walioneana wivu hadi hawakuweza kuonana uso kwa uso, basi akajenga ukuta katikati ya kisima. Mke mmoja alishuka kwa ngazi kuteka maji, na mwingine alitumia ndoo na kamba kwa upande wake. Wakateka maji mamoja miaka yote bila ya kuonana.

Hayo ni ya wasimulizi. Na je, wachimbaji wa mambo ya kale wanasemaje? Kuanzia mwaka 1989 mtaalamu wa Kimarekani, Adria LaViolette, alifanya uchunguzi katika magofu haya. Kazi yake iliithibitisha Pujini kuwa ngome ya karne ya 15, yaani kabla Vasco da Gama hajapita pwani hii mwaka 1498. Jambo hili si dogo. Miji mingi ya kale ya Waswahili iliyojulikana ilikuwa miji ya misikiti, makaburi na nyumba za wafanyabiashara, kama Chwaka iliyo karibu na Tumbe kaskazini ya kisiwa chetu, au Ras Mkumbuu magharibi. Ngome kama hii, iliyozungushiwa boma na handaki, ni kitu adimu. Tena chini ya ardhi kilikutwa chumba cha kushukia kwa ngazi, na katika ukuta wake pamefinyangwa kwa chokaa umbo la siwa, lile baragumu kubwa la watawala wa pwani. Kwa hiyo Mkama Ndume, awe ndiye huyo tunayemsimulia au mwingine, alikuwa mtawala kweli, na alitaka ijulikane hata gizani.

Karne ya 16 Wareno wakaja na mizinga yao, na enzi ya watawala wa namna ile ikakatika. Ngome ikabaki tupu. Lakini ikaanza kazi nyingine ambayo, kwa hakika, ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Tulipozunguka na yule mzee tuliona, penye kivuli, kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mzizi, kigae cha chetezo chenye majivu ya ubani, na chupa tupu ya marashi. Sikuuliza. Kila Mpemba anajua maana yake. Hapa ni mzimu, na watu huja na shida zao, wenye kuumwa, wenye kutafuta mtoto, wenye kuandamwa. Sifa hii ya kisiwa chetu imefika mbali. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh alipopita Pemba aliandika habari za uganga na uchawi wetu katika kitabu chake cha mwaka 1931, Remote People. Na mwaka 1995, habari za Popobawa zilipozuka huku Pemba, zilivuka bahari hadi Unguja na Dar es Salaam, watu wazima wakalala nje ya nyumba zao. Wageni hucheka. Nami pia nilikuwa nacheka.

Jioni ile nilimkiri bibi nilikokwenda. Nilitegemea matusi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo hajapata kunambia. Mama yangu alipokuwa mtoto mchanga alishikwa na degedege. Hapakuwa na gari wala pesa, na njia ya kwenda hospitali ilikuwa imeoza kwa mvua. Bibi akamfunga mwanawe mgongoni, akaenda kwa miguu hadi Pujini na ubani wa kuazima. "Nilimuomba Mungu," akasema, "lakini nilitaka niombe mahali ambapo mtu anasikia." Mama alipona. Bibi hasemi ni nani aliyemponya, na mie sikuthubutu kumfundisha somo la malaria tulilosoma darasani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza. Huyu Mkama Ndume alikuwa dhalimu kwa kauli ya kila msimulizi. Kwa nini basi mama mwenye mtoto mgonjwa amwendee dhalimu?

Jawabu langu ni hili, na ni langu mwenyewe. Visa hivi vimepita vinywa vingi. Katika karne ya 19 kisiwa chetu kilijaa mashamba ya karafuu, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo ikawa tegemeo. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa hadi utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897. Waliokuwa wakisimuliana usiku habari za mtu anayewaburura watu kwa matako walikuwa wanazijua amri za namna hiyo kwa miili yao. Nadhani waliweka uchungu wao ndani ya kisa cha kale, kwa sababu bwana aliyekufa unaweza kumsema, na bwana aliye hai humsemi. Basi mashetani ya Pujini ni kumbukumbu. Na anayekwenda pale na shida yake anakwenda mahali ambapo shida za watu zimekwisha kutajwa kabla yake.

Kuna na faida nyingine. Pale Chake Chake palikuwa na ngome kubwa, inayosemwa ilianzia enzi za Wareno, na baadaye ikatumiwa na Waarabu wa Oman. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu yake kubwa ilivunjwa kupisha ujenzi wa hospitali. Sehemu ndogo iliyobaki ndiyo makumbusho ya leo. Silaumu, maana hospitali ni uhai, na lau ingekuwa karibu na bibi yangu usiku ule asingelitembea vile. Lakini tazama: ngome isiyoogopwa ilivunjwa, na ile ya mashetani bado ipo. Hofu ya wazee imefanya kazi ya ulinzi bila ya mshahara.

Sasa siye vijana hatuogopi tena. Tunapanda juu ya boma na baiskeli, tunang'oa vipande vya mawe kuwa ukumbusho. Hata mie nilitia kimoja mfukoni, na yule mzee akanitazama tu mpaka nikakirudisha. Kama hofu inaondoka, basi ije elimu ishike nafasi yake haraka. Walimu wawapeleke wanafunzi Pujini. Wazee wasimulie, na vijana waandike kabla wazee hawajatutoka. Msimulizi akifa, kisa chake huzikwa naye.

Nawe msomaji, ukifika Pujini, usiende kutafuta shetani. Tazama kisima, tazama boma, uwafikirie waliobeba yale mawe. Na kabla hujaingia, bisha hodi.