Ziara ya Bagamoyo na Sisi Watu wa Gwata



Kila mwaka katika kijarida hiki tunahesabu matofali, mabati na madawati. Safari hii tunahesabu pia urithi usioingia kwenye daftari la fedha: dhikri na dufu.

Tarika ya Qadiriyya, inayojinasibisha na Sheikh Abdulqadir Jilani wa Baghdad (alifariki 1166), ilienezwa Zanzibar na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa kwao Somalia mwaka 1909. Huku Bagamoyo aliyeikuza ni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya. Alitoka Kongo, akafikishwa pwani akiwa mtoto, tena mtumwa. Alifanya biashara, akasoma, akafundisha, na mwaka 1916 Waingereza wakamfanya liwali wa mji uleule alioingia akiwa mali ya mtu. Alifariki 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad, akaendeleza, na ziara ya kila mwaka ikawavuta watu wa pwani na bara.

Siri ya mvuto huo ni nini? Katika dhikri watu husimama bega kwa bega, kasida huanzishwa, jina la Mwenyezi Mungu hutajwa polepole, kisha kwa kasi, mpaka pumzi za wote zinatoka kifuani kama pumzi moja. Hapo haulizwi mtu ukoo wake. Kwa jamii iliyotoka kwenye utumwa, hilo halikuwa jambo dogo. Wapo masheikh waliopinga dufu na dhikri ya namna hii, na wapo hadi leo. Hilo tunawaachia wanazuoni.

Sisi tunatazama jambo moja zaidi. Umati ule ulipaswa kula na kulala. Mwenye mchele alileta mchele, mwenye kuni kuni, asiye na kitu alichota maji. Ilikuwa kazi ya wote. Kwetu, wanakamati tunajua tofauti ya ahadi na taslimu.

Wanaozijua kasida za zamani sasa ni wazee. Ukija likizo, keti na mmoja wao, umrekodi kwa simu kabla hajatutoka. Na mchango wako utoe kama watu wa ziara: kilichopo mkononi, leo, hata kikiwa kidogo.