Dawa ya Okamoto ilivyosubiri nusu karne

Mtu akijikata, mwili hufuma nyuzi za faibrini, damu ikaganda na tundu likazibika. Baadaye nyuzi hizo hufumuliwa, maana bonge likibaki ndani ya mshipa ni hatari vilevile. Mfumuaji ni kimeng'enya kiitwacho plasimini. Kabla ya kuamshwa huitwa plasminojeni, na hakikosekani katika damu yetu.

Mwaka 1933, mjini Baltimore, Marekani, William Tillett na R. L. Garner walichanganya damu na bakteria aina ya streptokokasi. Ikaganda kama kawaida. Walipoirudia baadaye wakaikuta imeyeyuka. Walidhani ni bakteria walioyeyusha. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kujua kuwa bakteria huamsha tu plasminojeni ya mtu mwenyewe. Hapo ndipo chimbuko la streptokinesi, dawa ya kuzibua mishipa ya moyo. Utafiti wa Italia wa mwaka 1986, wenye wagonjwa zaidi ya 11,000, ulionyesha kuwa hupunguza vifo kutoka asilimia 13 hadi 10.7.

Habari za kuamsha plasminojeni zimeandikwa sana. Za kuizuia isiamke hazina wasimulizi wengi, nazo zilianzia Tokyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Utako Okamoto na mumewe Shosuke walikuwa watafiti wasio na fedha. Walichagua kuchunguza damu kwa sababu ambayo huwezi kuiandika kwenye ombi la ufadhili: ikiwapungukia, wangejitoa yao wenyewe. Utako hakuwa na pa kumwacha binti yake, hivyo alifanya kazi maabara mtoto akiwa mgongoni, kama mama zetu wanavyolima. Shabaha yao ilikuwa moja: kuwaokoa wazazi wanaotokwa damu nyingi baada ya kujifungua.

Mwaka 1962 wakatangaza asidi ya traneksami. Plasminojeni hujishikiza kwenye faibrini kabla ya kuifumua. Dawa hii huwahi kukaa kwenye sehemu ya plasminojeni ya kushikia, na bonge likasalimika.

Mtu angetarajia wodi za wazazi ziipokee kwa mikono miwili. Wapi! Utako aliwasihi madaktari wa uzazi wa Kobe waijaribu, hakufua dafu. Ikaishia kwa madaktari wa meno na wanawake wenye hedhi nzito. Kwangu hili halikuwa kosa la kemia. Ni watu waliokataa kusikiliza.

Mwaka 2010 majaribio ya majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40 yalithibitisha kuwa inaokoa maisha. Ndipo zamu ya wazazi ikafika: wanawake 20,060 katika nchi 21, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Kwa waliopewa ndani ya muda wa saa 3 tangu kujifungua, vifo vya kutokwa damu vilipungua kwa karibu theluthi moja. Waliochelewa zaidi ya hapo hawakufaidika.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Utako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akiwa na miaka 98.

Shirika la Afya Duniani sasa linataka mzazi anayetokwa damu nyingi apewe dawa hii ndani ya saa hizo 3. Basi damu ya mzazi isipokatika usiku, msingoje kupambazuke.