Vita vya Mbung'o na Udongo wa Shinyanga

Malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, yalipozuka Maswa huko Usukumani mwaka 1922, Wasukuma walikuwa wanamjua mbung'o siku nyingi kwa hasara ya mifugo. Nzi huyo aliwapa ng'ombe ugonjwa wa nagana, na vichaka vyake viliposonga mbele, malisho yalirudi nyuma.

Charles Swynnerton, ofisa wa Kiingereza aliyesimamia wanyamapori wa Tanganyika, alimfuatilia mbung'o kwa bidii ya pekee, na mwaka 1929 akaanza kuongoza idara ya utafiti wa nzi huyo yenye makao Shinyanga. Jike la mbung'o halitagi mayai. Huzaa buu mmoja mmoja, na buu hujizika kwenye udongo tifutifu ulio kivulini. Jua likiufikia udongo ule, kizazi hukatika. Swynnerton alijaribu njia nyingi kwa pamoja: mitego, kukata miti ya aina fulani tu, kuzuia nyasi zisichomwe mapema ili moto wa mwisho wa kiangazi uwe mkali. Ilikuwa busara kubwa. Lakini kazi nzito ilifanywa na shoka, watemi, yaani machifu, wakikusanya maelfu ya watu kufyeka vichaka.

Mbung'o walipungua kweli. Ng'ombe wakaongezeka, pamba ikatapakaa, na baada ya Vita Kuu ya Pili Wasukuma wengi wakahamia Geita, katika ardhi iliyofyekwa.

Gharama ililipwa na udongo. Mvua zilisomba tabaka la juu, makorongo yakachimbika, na kuni zikawa za kufuatwa mbali. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikazihamisha familia mbali na ngitili zao, malisho ya akiba ya jadi. Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni ilisisitiza miche ya kigeni, lakini wanakijiji walikuwa na dawa yao, ngitili. Ngitili hufungwa masika ili majani yakue, kisha hufunguliwa kiangazi kipande kwa kipande. Dagashida, mkutano wa kijiji, hupanga faini, sungusungu hulinda. Visiki vya zamani, ambavyo mizizi yake ilikuwa hai, vikachipua vyenyewe. Kutoka hekta mia sita hivi mwaka 1986, ngitili zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hayo ni mafanikio ya wafugaji wenyewe, na yanastahili kufundishwa shuleni.

Lakini Geita, walikohamia wale Wasukuma, shoka halijapumzika: wachimbaji wadogo wa dhahabu hukata magogo ya matimba, nguzo za kushikilia kuta za maduara, mashimo yao ya kuchimbia.