Bibi Asiyehesabiwa

Juma hili nakurudisha Kagera mwaka 1983, mkoa na mwaka ambao wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa. Wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za fasheni zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda.

Tangu hapo habari zetu, na sisi watangazaji tumo, zilikuwa za vijana: madereva wa malori, walanguzi, wahudumu wa baa. Ni kweli, hao ndio waliokuwa wakifa. Lakini nani aliwauguza?

Nilipokuwa mtoto kule Muleba, nilimwona bibi yangu akimlisha uji mwanawe aliyerudi kutoka mjini akiwa mifupa mitupu. Alimfulia mashuka kwa mikono mitupu. Hakuna aliyekuja kumweleza lolote. Tulimzika mjomba kibanjani, kati ya migomba, naye bibi akabaki na wajukuu wanne na jembe moja. Kwa desturi yetu mzee hutunzwa na watoto wake. Sasa pensheni yake ilikuwa imelala pale kaburini.

Wataalamu nao hawakumwona. Utafiti wa taifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2003 na 2004 ulihusu watu wa miaka 15 hadi 49. Ukifika 50, umetoka kwenye hesabu! Kana kwamba mzee haambukizwi, wala hana mgonjwa ndani. Kikomo hicho kilivukwa katika utafiti wa 2016 na 2017, wakati ambapo wengi walioanza dawa za bure tangu 2004 walikuwa nao wanaingia uzeeni.

Huko huko Muleba, mwaka 2003, ulianza mpango uitwao Kwa Wazee. Haukuanza na semina. Ulimpa mzee fedha kidogo kila mwezi mkononi mwake, na nyongeza kwa kila mjukuu anayemlea, aamue mwenyewe kama ni sabuni, chumvi au daftari. Zanzibar nayo, mwaka 2016, ilianza kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au la. Bibi wa kibanjani, mwajiri wake angekuwa nani?

Wangu alifariki kabla ya mipango hiyo yote. Wajukuu wake wanne walikwisha kumaliza darasa la saba, na ndio waliochimba kaburi.